Tupeane uzoefu: muda na watu wako uliozidi chochote ulichowahi kununua

Mwanzisha mada
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Desemba inakaribia, na sisi watu wa Kilimanjaro tulioko Dar tumeshaanza kuulizana tiketi za mabasi ya Mbezi. Kila mwaka nasikia mtu akisema, "Mwaka huu siendi, nitaenda nikiwa na kitu mkononi." Wazee wanazikwa, na hicho kitu bado tunakitafuta.

Siku hizi nasoma 2 Timotheo sura ya 4. Paulo yuko kifungoni, anajua kuondoka kwake kumekaribia. Anaomba joho lake lililobaki Troa, anaomba na vitabu. Lakini ombi la kwanza, mstari wa 9, ni "Jitahidi kuja kwangu upesi," na mstari wa 21 analirudia: aje kabla ya wakati wa baridi. Joho angeweza kulileta mtu yeyote. Yeye alimtaka Timotheo.

Karibuni, kila mmoja aseme lililomtokea yeye.

Mzaliwa wa Rombo
Amina. Sisi watoto tulitaka kuchanga tumnunulie baba televisheni kubwa. Akasema hela hiyo iwe nauli ya wajukuu. Wakaja wote. Asubuhi moja akawazungusha kihambani, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, akawaonyesha mimea ya masale iliyopandwa mpakani, migomba aliyoipanda bibi yao, na makaburi, akitaja jina la kila aliyelala pale. Jioni tukala machalari, kisha akaomba akimtaja kila mjukuu kwa jina lake. Baba amelala katika Bwana sasa. Mwanangu, ambaye hapa mjini simu haimtoki mkononi, ananiuliza habari za watu waliokufa kabla mimi sijazaliwa.

Muuguzi, Mbeya
Niko wodi ya wanaume. Saa ya kuona wagonjwa ikifika, macho yote yako mlangoni. Kuna mzee alikuwa analetewa kila kitu: matunda, maziwa, blanketi jipya, vyote kwa bodaboda. Siku moja akaniomba nikae tu mpaka amalize chai. Nilikaa.

Niko Muscat
Naomba msituhukumu tulio mbali. Nafanya kazi za ndani huku, mwanangu analelewa na mama yangu Korogwe. Ada, dawa za presha za mama, mabati ya nyumba, vyote vinatoka kwenye mikono yangu hii. Nisingeondoka, tungekaa pamoja na njaa yetu. Ila hili nimeliona: nikimtumia mwanangu kitu, anasema asante mama, basi. Nikimpigia tukasoma Zaburi 121 kwa kupokezana, mstari wake, mstari wangu, hataki nikate. Huku tuko mbele kwa saa moja, kwa hiyo hata nikichoka vipi namsubiri amalize kula.

Mwanzisha mada
Dada yangu, hakuna anayekuhukumu. Kwenye Marko 7 Bwana Yesu aliwakemea waliowanyima wazazi matunzo kwa kisingizio cha Korbani, kwamba mali imeshawekwa wakfu kwa Mungu. Unachotuma ni utii wa ile amri ya kuwaheshimu baba na mama. Ninaowalenga ni sisi wenye nauli na likizo, ambao tunarusha muamala kisha tunanyamaza hadi mwezi ujao.

Mwenye duka, Kariakoo
Naunga mkono, lakini tuseme na hili. Kwetu wafanyabiashara Desemba ndiyo mavuno, na ada za Januari zinatoka humo humo. Mimi na mke wangu tunakwenda kijijini Februari. Mabasi hayana msongamano, na wazazi wanafurahi zaidi maana wageni wa Krismasi wameshaondoka wote. Mama anachambua maharage, nami nakaa naye pale jikoni, na ananieleza mambo ambayo penye watu wengi hawezi kuyasema. Mara ya mwisho alinieleza alivyompoteza dada yetu mkubwa, habari ambayo nyumbani haikuwahi kuzungumzwa. Mwenye duka asiyeweza kufunga Krismasi asijitese, apange Februari.