Nyumba ya Walukuba

JUMAMOSI

09:12 Halima: Asalaam alaykum wote. Hii ni mara ya tatu naandika jambo hili. Tangu Idi Mama anakaa na televisheni isiyoonyesha kitu. Leo tumalize. Intaneti ya nyumbani au dishi? Kila mtu aseme.

09:13 Halima: Asiyesema nitahesabu amekubali.

11:40 Halima: Watu kumi na nne humu ndani. Tiki za buluu naziona.

11:52 Opio: Mimi nilishakubali tangu chai ya asubuhi 😂

11:55 Zainabu: Samahani dada, nilikuwa sokoni. Mimi nasema dishi. Mama anapenda tamthilia za Kiswahili za Azam, na dekoda haili MB. Ukilipia mwezi umemaliza.

11:58 Halima: Ni kweli haili MB. Lakini mwanao Swalehe yuko senior tatu, usiku anakwenda kwa jirani kuomba waifai ndipo asome. Intaneti ikiwepo Mama atatazama, mtoto atasoma, na sisi tutamwona Mama kwa video, tuache kumpigia anatoka barazani kutafuta netiwaki na kikohozi kile.

12:03 Zainabu: Na mpira? Ligi ya Uingereza iko SuperSport, hiyo ni DStv. Na AFCON ya 2027 inachezwa hapa kwetu Uganda, Kenya na Tanzania.

12:04 Halima: Nani anatazama mpira pale? Mama?

12:04 Swalehe: Mimi mama mkubwa 🙋🏾‍♂️

12:05 Halima: Wewe soma.

12:20 Halima: Sikilizeni hesabu. Video ya kawaida inakula kama GB 1 kwa saa, HD inafika 3. Mama akitazama saa nne kila siku ni GB 120 kwa mwezi. Kwa HD ni 360! Hapo kifurushi cha GB 100 hakimalizi siku ya tisa. Kwa hiyo habari ya kumwekea data ya simu kidogo kidogo naikataa, na kila data tunayonunua ina ushuru wa asilimia 12 juu yake tangu 2021. Tuchukue ya mwezi isiyo na kikomo. Ila tuulize kabla ya kulipa: ikifika GB ngapi wanapunguza spidi? Hapo ndipo watu wanapoliwa.

12:26 Opio: Wakati wa OTT, ile kodi ya WhatsApp na Facebook ya shilingi 200 kwa siku, Mzee alisema heri aongeze anunue chapati

12:27 Zainabu: 😂😂 Allah amrehemu. Chapati za yule mama wa stendi

12:27 Opio: Za kuviringa na mayai mawili

12:31 Zainabu: Nyanya nyingi

12:33 Halima: Jamani. Rauta. Swalehe, ulipima spidi ya netiwaki nilivyokwambia? Saa mbili usiku watu wote wakiwa mtandaoni, si asubuhi.

12:40 Swalehe: Nilipima siku tatu. Sebuleni Mbps 4. Chumbani kwa Babu 2. Chini ya mfenesi 17.

12:41 Opio: Televisheni ihamie chini ya mfenesi

12:44 Halima: HD inataka kama 5 tu. Mabati ndiyo yanayozuia. Rauta ikikaa dirishani upande wa mfenesi itatosha. 4K hatuitaki, ile inataka 15 na televisheni yenyewe haina.

12:46 Opio: Na umeme? Bwawa la umeme la Nalubaale liko hapohapo Jinja lakini Yaka, umeme wa kulipia kabla, ikiisha ni giza

12:49 Halima: Kuna betri ndogo za kushikilia rauta. Nimeiweka kwenye hesabu.

14:58 Zainabu: Dada lakini dekoda tulishachanga. Ile ya 2018. Iko wapi?

14:59 Halima: Zainabu usianze.

15:01 Zainabu: Sianzi, nauliza. Mimi nilitoa pesa ile nikiwa na mimba ya Sauda.

15:31 Kaka Juma: Naona nasemwa. Mzee alipolazwa dekoda ilikaa bure, nikaipeleka kwangu Kireka isiibiwe. Nilisema kwenye kikao.

15:32 Zainabu: Kikao kipi kaka?

15:34 Kaka Juma: Cha arobaini.

15:36 Zainabu: Arobaini ya Mzee watu wanalia, nani alisikia habari ya dekoda?

15:41 Kaka Juma: Na ya kwanza ya 2015, matangazo ya antena za zamani yalipozimwa, alinunua nani peke yake? Hiyo haisemwi humu.

16:10 Swalehe: Nimemsomea Bibi. Anasema niandike maneno yake yalivyo.

16:10 Kaka Juma: Kwa nini umemsomea?

16:14 Swalehe: Bibi anasema: "Msigombane juu ya baba yenu. Dekoda simdai mtu. Lakini fundi wa dishi alitoboa bati juu ya chumba chake, na tangu siku ile mvua inaingia. Nimeweka beseni. Mkija mnalisogeza, mnatandika, mnalala. Hapandi mtu juu ya nyumba yangu na dishi wala waya kabla bati lile halijazibwa."

17:02 Halima: Tumesikia Mama.

17:20 Kaka Juma: Tumesikia Mama. Tusamehe. Bati niachieni mimi. Na dekoda nitaileta.

17:21 Zainabu: Lini kaka?

18:45 Halima: Rauta haipandi juu, inakaa dirishani, kwa hiyo hatuvunji neno la Mama. Tujaribu mwezi mmoja. Tumeni kwangu, na ya kutolea. Mpaka sasa nimepokea ya Zainabu peke yake.

18:50 Zainabu: Dada yangu ile iwe ya bati.

18:50 Halima: Zainabu!

23:48 Rashidi: Ndiyo natoka kazini. Nimesoma yote. Mimi kwa video mtanitafutia programu nyingine, huku Sharjah, Uarabuni, WhatsApp haipigi simu.

23:49 Rashidi: Bati la pale ni geji 28 au 30?

23:52 Halima: Unatuma ya bati au ya intaneti? Niambie nijue naandika wapi.

JUMAPILI

06:20 Swalehe: Mvua imenyesha usiku. Bibi anauliza mjomba Juma anakuja leo au wiki ijayo, amwambie fundi wa hapa.