Betri ya uzio wa umeme malishoni: ya gari, ya sola au lithiamu?

Malisho Mapana
Wakuu, naomba ushauri. Nina uzio wa umeme wa nyaya tatu unaozunguka malisho ya mbuzi na ndama, mbali na nyumba, na umeme wa laini haufiki huko. Mashine ni ya volti 12, kibandiko chake kinasema inakula wastani wa miliampea 200. Nimekuwa nikitumia betri iliyotolewa kwenye gari. Mwanzoni ilidumu siku tisa, baadaye sita, sasa haimalizi tatu. Je, ninunue nyingine ya gari, betri ya sola, au lithiamu? Na niichaji vipi? Mbuzi wakishagundua kwamba waya umekufa, kuwarudishia woga ni kazi.

Fundi Betri
Ndugu, piga hesabu kwanza, aina itafuata. Miliampea 200 ni ampea 0.2. Zidisha kwa saa 24 unapata ampea-saa (Ah, kipimo cha chaji ya betri) 4.8, tuseme 5 kwa siku. Betri ya risasi na asidi ya Ah 80 usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una Ah 40 za kutumia, yaani siku nane. Ukiiacha hadi siku ya 13 huenda uzio ukaendelea kupiga, lakini betri unaiua.

Betri ya gari ina sahani nyembamba, nyingi, ili itoe mkondo mkubwa kwa sekunde chache injini iwake, kisha altaneta iijaze tena hapo hapo. Uzio unainyonya kidogo kidogo usiku na mchana mpaka chini. Ikikaa chini, salfeti inajishika kwenye sahani na kuwa ngumu, na chaji inayofuata haiiondoi yote. Hapo ndipo siku tisa zilipogeuka sita, na sita zikawa tatu. Betri ya sola ina sahani nene na imetengenezwa kwa kushuka na kupanda mara kwa mara. Mimi ningechukua hiyo.

Mfuga Kondoo
Mimi nilihamia lithiamu, ile ya chuma na fosfeti, na sababu yangu ni mgongo. Betri ya risasi ya Ah 80 ina karibu kilo 20, na malisho yangu yako juu ya kilima. Lithiamu ya Ah 50 unaweza kutumia Ah 40 bila kuiumiza, na unaibeba kwa mkono mmoja.

Ila uijue tabia yake. Volti zake hazishuki taratibu. Zinakaa karibu na 13 muda mrefu, kisha saketi ya ulinzi iliyo ndani inakata ghafla, na uzio unazimika bila dalili. Kwa hiyo hesabu siku, usitegemee mita. Na usiichaji ikiwa baridi imefika nyuzi 0 au chini yake, inaharibika kabisa.

Malisho Mapana
Asanteni sana. Kuna mtu aliniambia kinachomaliza betri ni majani yanayogusa waya. Ni kweli?

Fundi Betri
Kwa mashine nyingi, hapana. Ndani kuna kapasita inayojazwa na kumwaga umeme wake wote kwenye waya karibu mara moja kila sekunde, yawepo majani yasiwepo. Betri inatoa kile kile. Majani yanamnyang'anya mnyama mshtuko, si betri chaji yake. Zipo mashine zinazohisi uvujaji na kuongeza nguvu zenyewe. Hizo ndizo zitakula zaidi uzio ukiwa mchafu. Fyeka hata hivyo.

Mama Ndama
Naomba niseme jambo, maana liliniuma. Nilibadilisha betri mbili nzima kabla ya kugundua kwamba tatizo lilikuwa ethi, yaani fimbo za chuma zinazounganisha mashine na ardhi. Nilikuwa na fimbo moja fupi kwenye udongo mkavu.

Mdogo wangu, pima kabla hujanunua. Zima mashine, egemeza vyuma kadhaa kwenye waya hadi ardhini, mita 100 au zaidi kutoka kwenye mashine, kisha washa. Volti za waya zikishuka chini ya 2,000, pima kati ya fimbo ya ethi na ardhi kwa kipima uzio. Ukiona zaidi ya volti 300, ongeza fimbo, za mita moja au zaidi, na uziachanishe angalau mita tatu. Vyuma vikiondolewa, kwa mbuzi mimi sitaki kuona chini ya 4,000 kwenye waya.

Mfuga Kondoo
Mama kasema kweli.

Fundi Betri
Sasa kuchaji. Tenganisha betri na mashine ya uzio kwanza, kila mara. Chaja iwe ya takriban sehemu ya kumi ya Ah za betri, kwa hiyo ampea 8 kwa Ah 80. Kutoka nusu hadi kujaa usiku mzima unatosha, kwani sehemu ya mwisho hujaa polepole. Kama ni ya kuongeza maji, chaji mahali penye hewa, maana inatoa hidrojeni, na moto usikaribie. Lithiamu itumie chaja yake yenyewe.

Ukitaka paneli: Ah 5 mara volti 12 ni wati-saa 60 kwa siku. Kwa saa nne za jua kali, wati 15 zinatosha kwenye karatasi tu. Weka 30, mawingu yapo. Usiache kidhibiti chaji, kinazuia betri kujazwa kupita kiasi na kurudisha umeme kwenye paneli usiku.

Malisho Mapana
Nimerudi. Ethi ilisoma 900! Nimeongeza fimbo mbili, sasa 200, na waya umepanda kutoka 2,600 hadi 5,100. Ile betri ya gari niliichaji usiku kucha, nikaipumzisha saa sita, ikasoma volti 12.1.

Fundi Betri
Iliyojaa na nzima ingesoma 12.6 au 12.7. Yako hata baada ya chaji inasimama chini ya nusu, hiyo imekwisha. Ipeleke kwa wanaokusanya betri chakavu, asidi isimwagike malishoni.

Malisho Mapana
Sawa fundi. Nachukua ya sola ya Ah 80 na paneli ya wati 30. Lithiamu nitaifikiria siku nitakapohamisha uzio mlimani.