MAME ya zamani kwenye Raspberry Pi: gemu zinagoma kufunguka

baba_vitufe: Wakuu, habari zenu. Nina Raspberry Pi 3 (kompyuta ndogo) yenye RetroArch, programu ya kuchezea gemu za zamani, na wanangu wanataka gemu ya Metal Slug. MAME ya sasa (programu inayoiga mashine za gemu za zamani) ilikuwa inakwamakwama, nikahamia MAME 2003. Gemu zilezile zinazofunguka kwenye kompyuta ya mezani, huku zinaleta ujumbe kwamba kuna faili zimekosekana. Tatizo ni kifaa au faili?

fundi_bodi: Mkuu, kifaa chako kizima kabisa. MAME 2003 imejengwa juu ya toleo 0.78 la mwaka 2003, na kila toleo lina orodha yake ya data za chipu za bodi za gemu linazozitarajia: majina, ukubwa, na namba ya CRC ya kuhakiki. Wataalamu wakisoma upya chipu za bodi halisi na kupata data safi zaidi, orodha inabadilika, ndiyo maana faili za zip za gemu za leo hazilingani na programu ya zamani. Unahitaji seti ya faili za gemu za 0.78. Na Metal Slug ni ya mashine ya Neo Geo, kwa hiyo neogeo.zip (faili ya mfumo wa mashine hiyo) ya toleo hilohilo lazima ikae folda moja na gemu. Usiifungue hiyo zip!

mkongwe97: Naongezea: toleo la zamani ni jepesi kwa sababu haliigi mashine kwa usahihi wa leo. Kwenye kompyuta yenye nguvu, tumia jipya. Kwa Pi 3, jaribu pia MAME 2003-Plus, ina gemu zaidi.

baba_vitufe: Ilikuwa neogeo.zip! Imefunguka, sauti safi. Asanteni sana wakuu.