Mafuta ya karafuu yasiyo na kibandiko yapigwe marufuku Lamu?

Mwana wa Mkomani: Chupa zinauzwa barabarani, hata jina la mmea hazina. Moja nimeambiwa yatibu jino, tumbo, mbu na husuda. Mimi nasema zizuiwe. Mama zetu wanapaka kwa mazoea tu, kilichomo hawakijui.

Bi Kikuba: Mazoea? Mama yako alipokutia pamba ya karafuu jinoni, ulilala hukulala? Tumetunga vikuba, vile vishada vya asumini na mrehani vya kujipamba, wewe hujajua kupenga kamasi.

Mng'oa Meno: Alilala kwa eujenoli, Bi mkubwa. Ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, na inatia ganzi. Hata sisi twaichanganya na oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda. Lakini tone kwenye pamba si sawa na kijiko kinywani mwa mtoto. Kuna watoto waliokunywa wakazimia, ini likaharibika. Tena mrehani huu na ule huenda visiwe na mafuta mamoja: mmoja umejaa linaloli, kemikali nyingine ya harufu, mwingine eujenoli. Bila kibandiko utajuaje?

Bi Kikuba: Nani kasema kunywesha? Nionyeshe.

Nahodha wa Shela: Babu alichoma kivumbasi mbu wakakimbia. Kichaka nacho kibandikwe?

Mtoto wa Wawi: Nacheka tu. Watu wa Lamu kugombania karafuu! Yenu ni embe na nazi. Kiwanda cha mafuta ya makonyo kiko kwetu Pemba.

Bi Kikuba: Pemba mna karafuu, kujipamba mmejifunza wapi? Leta kikuba chako tukinuse.

Mtoto wa Wawi: Bibi, bila sisi hicho chetezo chako kingenuka moshi.

Mng'oa Meno: Jamani, makonyo ni vile vikonyo vya maua ya karafuu. Mafuta yake ni makali, eujenoli imezidi. Ya maua yana na asetati ya eujenoli, ndiyo harufu ikawa laini. Muuzaji akikupa ya makonyo kwa bei ya maua…

Bi Kikuba: Pua yangu haihitaji daktari wa meno.

Mwana wa Mkomani: Kwani asumini nayo yakenekwa, yaani yatolewa mafuta kwa mvuke?

Mng'oa Meno: Mvuke waiunguza. Grasse, Ufaransa, walikuwa wakiyalaza maua juu ya shahamu mpaka inyonye harufu.

Bi Kikuba: Shahamu ya mnyama gani?

Mng'oa Meno: Ng'ombe. Na nguruwe.

Bi Kikuba: Astaghfirullah. Na hayo manukato ya dukani mwapaka mwenda kuswali!

Nahodha wa Shela: Wa Wawi, kaskazi ikivuma nashuka huko. Makonyo chupa bei gani kwa jumla?