Naomba ushauri: paneli ya joto ya infraredi kwa nyumba isiyo na dari

Ndugu wanajamvi, naishi Njombe mjini, ambako baridi ya Juni na Julai huingia hadi chumbani, na sitaki tena jiko la mkaa ndani kwa kuwa gesi yake ya kaboni monoksidi huua watu usingizini. Ninafikiria kununua paneli ya infraredi ya wati 600, yaani hita bapa ya umeme ya kutundika ukutani inayotoa joto kwa mionzi, ambayo, tofauti na hita ya feni, hupasha moto mwili na vitu vilivyo mbele yake kuliko hewa. Wauzaji husema inakula umeme kidogo. Hapo siwaamini sana, maana wati 600 kwa saa 5 ni uniti 3 kila jioni, iwe infraredi au koili ya kawaida. Kinachonivutia ni kwamba sebule yangu ina bati tupu, hivyo hewa ya moto hupanda na kupotea, ilhali mionzi ya paneli humfikia moja kwa moja aliyeketi. Walioitumia naomba mnieleze: je, joto lake linatosha ukikaa mita 2 kutoka ukutani, au ni afadhali fedha hizo nianze kuwekea dari?