Fundi kapiga tupa vitasa vya Peugeot 504 yangu, sasa gari linafunguka kwa mpini wa kijiko

Wakuu, mnivumilie, leo nina hasira zangu.

Hivi nani kawadanganya mafundi funguo wa mjini hapa kwamba gari likishakuwa la zamani basi kitasa chake ni pambo? Kazi niliyompelekea huyu bwana inaeleweka. Peugeot 504, milango ina ufunguo wake, swichi ya kuwashia gari ina wake, buti lina wake. Nimechoka kutembea na bunda la funguo kama askari magereza, nataka ufunguo mmoja. Kakubali, kachukua laki na themanini, kanikabidhi ufunguo mmoja. Kweli unafungua vyote. Ila hata ufunguo wa kabati la nguo unafungua. Mpini wa kijiko cha chai unafungua!

Nikakitoa kitasa cha mlango wa dereva, nikakifungulia juu ya gazeti. Ndani ya silinda huwa kuna vibati vyembamba vya shaba, kila kimoja na kimo chake, na springi ya kukisukuma nje. Ukiingiza ufunguo wake, meno yanavivuta vyote vilingane na uso wa silinda, ndipo inazunguka. Kimoja tu kikijitokeza, haizunguki. Usalama wote wa kitasa uko hapo, hakuna kingine.

Yeye kavipiga tupa. Juu na chini, mpaka hata bila ufunguo havigusi chochote. Alama za tupa zimekula hadi mwili wa silinda. Vingine hakuhangaika kuvisaga, kavitupa pamoja na springi zake. Kisha kafukia dhambi yote kwa grisi, ile ya beringi za magurudumu. Kwa vumbi letu hili hiyo ni simenti. Kitasa kinawekwa unga wa grafaiti, ukikosa unakwangua risasi ya penseli, wazee walifanya hivyo miaka yote.

Kazi yenyewe wala si ya maajabu. Unavitoa vibati, unavipanga upya vifuate ufunguo. Vimo ni vya aina chache na vinajirudia, kwa hiyo vingi utavipata humohumo, vinavyopungua unachomoa kwenye kitasa chakavu. Na ufunguo uliolika huchongi nakala yake, maana mashine inachonga na ulikaji. Unapima vibati, unachonga upya kufuata hivyo. Inataka kibano, mwanga na subira. Sasa vishoka wetu subira wataitoa wapi?

Kinachoniuma zaidi ni swichi. Ufunguo unachomoka injini ikiwa inaunguruma, kwa sababu vibati hivyohivyo ndivyo vinavyoushika usitoke. Na silinda hiyo ndiyo inayoendesha pini ya kufunga usukani. Mtu kashika tupa kwenye kitu kinachoweza kunifungia usukani nikiwa kwenye kona, kalipwa, kalala usingizi.

Nikampigia. Unajua kanijibu nini? "Bosi, hilo gari kwani nani ataiba?" Gari lenyewe ni 504! Dereva Ove Andersson kachukua nalo mbio za Safari Rally mwaka 1975, na 504 ya milango miwili ikachukua tena 1978. Linadharauliwa na mtu asiyeweza kupanga vibati!

NYONGEZA: Wanaosema ninunue swichi mpya ya dukani niache kelele, hamjasoma. Swichi mpya inakuja na ufunguo wake, milango inabaki na wake, tunarudi palepale. Na nimeshaziona mbili za hizo "mpya", mashimo ya skrubu hata hayakai kwenye kolamu ya usukani ya 504. Anayeniambia nifunge alamu naye apumzike kidogo.

Ninachotafuta: mwenye vitasa chakavu vya 504, hata vya pikapu, hata vilivyovunjika mikono, nanunua. Nataka vibati na springi tu. Na kama kuna fundi Dar, Moro au Arusha anayepanga vibati kwa mkono, aje inboksi na picha ya kazi yake, silinda ikiwa wazi. Picha ya ufunguo unaong'aa sitaki kuiona.

Na wewe fundi, najua humu unaingia. Vibati ulivyovisaga siwezi kukudai, vimeshakuwa unga. Lakini ulivyovitupa na springi zake viko sakafuni kwako. Vifagie, nitavifuata Jumamosi asubuhi, na laki na themanini yangu iwe pembeni.