Wakuu, swali la Arrhenius limenikalia kooni, naombeni msaada

Mchanga wa Pwani (mleta uzi): Habari za jioni wakuu. Swali la kemia fomu siksi: kasi ya mmenyuko inaongezeka mara mbili joto likipanda kutoka nyuzi 27 hadi 37 za selsiasi. Tafuta Ea, yaani nishati ya chini inayotakiwa mmenyuko uanze, kwa fomula ya Arrhenius inayounganisha joto na kasi. Nina majibu mawili, juli 576 kwa moli na kilojuli 53.6 kwa moli. Lipi sahihi? Nalihitaji kabla ya Jumatatu. Matusi hapana.

Muuza Mitungi: Kemia niliikimbia ila gesi ndo inanilisha. Mteja analeta mtungi wa kilo 15 anafoka kaibiwa, eti jana moto mkali leo umezima ghafla. Presha ya mle ndani haishuki kidogo kidogo maadamu kimiminika bado kipo. Kikiisha ndo unaliona. Pima kwenye mzani, acheni kutikisa.

Kapuku Mstaafu: Mshahara wangu ni mmenyuko wa oda ya kwanza. Uwe mkubwa uwe mdogo, kila wiki unabaki nusu 😂

Bi Mkasi: Mleta uzi, majibu mawili umeyatoa wapi?

Mchanga wa Pwani: Moja la mwalimu, jingine la mwanafunzi.

Bi Mkasi: Na wewe ni nani kati ya hao?

Mchanga wa Pwani: Haya. Mimi ndo mwalimu, tempo, nina miezi miwili kazini. Binti ndo kaandika 53.6, nikampa 0/5. Lakini sikukurupuka: selsiasi joto limepanda 10, kelvini limepanda 10 vilevile. Tofauti iko wapi? Nimeshaamua nalifuta swali, wote wapate tano, yaishe.

Mzee wa Maabara: Tofauti ya T (joto) ni ileile, kweli. Ila fomula haitaki T2 kutoa T1, inataka 1/T1 kutoa 1/T2. Na T iwe ya kelvini: 27 jumlisha 273 ni 300. Moja chini ya 27 ni kama mara 11 ya moja chini ya 300. Fanya hivi: 8.314 (R, namba ya gesi isiyobadilika) × 0.693 (ln ya 2, ile mara mbili) × 300 × 310, gawa kwa 10. Unapata kama 53,600. Juli 576 ni ndogo mno, mmenyuko wenye Ea hiyo joto likipanda nyuzi 10 hata hautikisiki.

Mama Ushungi: Mtake radhi binti wa watu mbele ya darasa. Mimi niliwahi kukatwa alama kwa jibu sahihi nikaambiwa najifanya najua. Nikahamia masomo ya biashara. Leo naajiri walimu wa tuisheni, hahaha.

Mchanga wa Pwani: Nikimtaka radhi darasa litanipanda kichwani dada yangu. Kulifuta kunamsaidia hata yeye.

Mama Ushungi: Kunamsaidia nani? Aliyepata na aliyekosa wote tano?

Nipo Pale: Wadau mnapigwa chai, na haina hata sukari. 27, 37, mara mbili, hizo ni namba za pasti pepa zote. Mwalimu wa fomu siksi asijue kelvini? Huyu ni dogo wa PCB anatafuta majibu ya homuweki.

Kapuku Mstaafu: Nilijua tu. Dogo kalale.

Muuza Mitungi: Mie namwamini. Tempo wa kwetu alikuwa anatufundisha huku anachungulia daftari la mdogo wake.

Mchanga wa Pwani: Nani dogo? Picha ya karatasi hiyo, jina nimeziba. Kalamu nyekundu ni yangu.

Nipo Pale: Sawa, si chai, nimekubali. Ila hapo chini ya sifuri kuna penseli: "Sir, naomba uangalie 273."

Mzee wa Maabara: Mwalimu, kuza picha uangalie swali la 1. Gesi moli 2, lita 10, nyuzi 27, tafuta presha. Binti kaandika kilopaskali 499, umempiga mkasi, ukaandika pembeni "4.93 kPa". Umetumia R ya 0.0821, ile ya lita na atimosfia, kwa hiyo hiyo 4.93 ni atimosfia. Hewa tu ya hapo ulipokaa ni kama kilopaskali 101.

Bi Mkasi: Na hilo nalo unalifuta?